Je, Mtu Mkubwa Anaweza Kuumba Ukweli?

Mara nyingi shauri humalizwa kwa neno hili: "Mzee amesema," ao "Mwenye elimu ameandika." Hapo wote hunyamaza. Kuheshimu wakubwa ni vema. Lakini tujiulize: je, neno huwa kweli kwa sababu mkubwa amelisema? Namba moja itatusaidia kujibu.

Machungwa 12 tunaweza kuyapanga katika mafungu 3 yaliyo sawasawa. Machungwa 7 hayapangiki hivyo, ila tuyaache fungu moja ao tuyatenge moja moja. Namba za namna ya 7 huitwa namba tasa. Sasa tuanze na 1, tuizidishe kwa 2, na kila jibu tulizidishe tena kwa 2, mpaka mara 67. Kisha tutoe 1. Tunapata 147.573.952.589.676.412.927.

Mwaka 1644, mtawa mmoja wa Paris, Marin Mersenne, aliandika orodha ya namba za namna hii zilizo tasa, na hii akaitia ndani. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, aliyeandikiana barua na wenye elimu wengi wa Ulaya. Ikapita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba hii si tasa, lakini hakuweza kutaja namba zinazoigawanya. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alizitaja: 193.707.721 mara 761.838.257.287.

Basi, je, namba hii ilikuwa tasa tangu mwaka 1644, kisha ikageuka mwaka 1876? Sivyo. Iligawanyika hata kabla Mersenne hajazaliwa. Yeye hakuumba ukweli wake, wala Cole hakuuumba. Cole aliuvumbua tu.

Tuangalie na jambo la pili. Kuvumbua namba zile mbili kulikuwa kazi ngumu sana. Lakini kuzihakikisha kunamwezekana mtoto wa shule mwenye kalamu, karatasi na uvumilivu. Mbele ya hesabu, mtoto huyo na profesa ni sawasawa.

Labda mtu atasema: "Basi mnatufundisha kudharau wakubwa." Hapana. Hata leo namba tasa za namna hii huitwa kwa jina la Mersenne, kwa maana waliomsahihisha waliendelea na kazi yake. Kumsahihisha mtu kwa adabu si kumtukana. Anayemwachia mkubwa wake kosa kwa kuogopa cheo chake, huyo hamheshimu. Anajilinda mwenyewe tu.

Kwa hiyo, tunapokaa kukata shauri, tusiulize kwanza nani amesema, bali tuulize kama jambo limehakikishwa. Namba haiumii tukiikosea. Inangoja hata miaka 200. Lakini mtu aliyehukumiwa bure anaumia leo, na watoto wake pamoja naye.