Mpe Mtoto Nafasi Aseme

Pengine muda huu upo jikoni, jiko la mkaa liko mbele yako. Mkaa umeshika pembeni tu. Ukiupuliza kwa nguvu, majivu yanaruka. Ukipepea taratibu, moto unakolea.

Maneno ya mtoto wa darasa la kwanza ndivyo yalivyo. Yanataka taratibu.

Mtoto anasema, "Mwalimu, lula yangu imepotea." Ukiwa mwalimu, usimcheke. Usimrudishe aseme upya mbele ya wenzake. Mjibu tu: "Rula yako imepotea? Uliiacha wapi?" Neno amelisikia lilivyo, na mazungumzo yanaendelea.

Mwingine ana kigugumizi. Neno limekwama. Usimmalizie. Mtazame usoni, subiri. Subiri tena. Najua darasa limejaa, najua kengele inakaribia. Lakini mtoto anayemaliziwa kila sentensi anaweza kujifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza darasani ni rahisi mno kumsahau.

Nawe mzazi, jioni tega kitendawili. Kisha mwache naye atege, hata kama chake hakina jibu. Na ukiona haitiki unapomwita kwa nyuma, au sikio linatoa usaha, mpeleke hospitali akapimwe. Wapo watoto wanaoitwa wakaidi, kumbe hawasikii vizuri.

Leo, kabla jua halijazama, muulize mtoto mmoja swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Halafu nyamaza wewe, mpaka amalize.