Kamera ya Getini

Usiku wa kwanza nilipodukua kompyuta, nilikuwa nimekaa kitandani, chai imepoa, kompyuta mpakato inanguruma kwa joto. Ndani yake zilikuwa zinafanya kazi kompyuta pepe mbili: Kali Linux, ya kushambulia, na Metasploitable, iliyotengenezwa makusudi ikiwa na matundu ili wanafunzi wayatafute. Nilianza na vsftpd 2.3.4, programu ya kuhamisha mafaili ambayo mwaka 2011 mtu alipenyeza mlango wa siri kwenye nakala yake. Unaandika jina lolote la mtumiaji, unamalizia kwa alama ya tabasamu: nukta pacha na mabano ya kufunga. Mlango unafunguka. Nilicheka peke yangu.

Ndivyo tunavyosoma usalama wa mitandao sisi wa uzamili kwa njia ya masafa. Hatuna mwalimu anayepita nyuma ya viti. Maabara nzima imo ndani ya kompyuta ya mwanafunzi. Ukiharibu, unairudisha kompyuta pepe kwenye hali uliyoihifadhi kabla hujaigusa. Hakuna aliyeumia, hakuna wa kuombwa radhi.

Wiki chache baadaye nilikosea mpangilio. Badala ya kuzifungia kompyuta pepe zangu ndani, niliziunganisha na mtandao wa nyumba niliyopanga. Nilipotuma amri ya kutafuta vifaa, vilijitokeza vitano. Kimoja kilikuwa kamera ya getini ya mama mwenye nyumba. Ukurasa wa kuingilia ulitaja aina yake, na nywila ya kiwandani ya aina ile nilikuwa nayo kichwani.

Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi. Kilichonitisha hakikuwa kishawishi chenyewe, bali kwamba skrini haikuonyesha tofauti yoyote. Amri zilezile, tarakimu za aina ileile, raha ileile ya kukaribia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaijua tofauti. Mkono wangu haukuijua.

Wapo wanaosema kosa ni kufundisha maarifa haya. Siafiki. Mganga na mchawi huchimba mizizi kwenye pori moja, na asiyejua sumu hawezi kumtibu aliyelishwa. Lakini mganga alijifunza akiwa ubavuni mwa mwalimu wake, akimsikia mgonjwa akilia. Mimi nimejifunza mizizi bila kumwona mgonjwa hata mmoja.

Labda ningekuwa na mwalimu nyuma yangu ningeacha kwa kumwogopa yeye. Sikuwa naye. Niliacha kwa sababu nilimkumbuka mama yule anavyotoka alfajiri na kanga zake kufagia mbele ya geti, akiamini hakuna amwonaye. Hilo lingenifariji, ila kuna swali linalonikera: je, kama kamera ingekuwa ya mtu nisiyemjua? Huruma inayohitaji kwanza kuiona sura ya mtu haitoshi kwa kazi ninayoisomea, kwa kuwa karibu wote nitakaowagusa sitawaona kamwe.

Asubuhi nilimfuata.

“Shikamoo mama. Ile kamera ya getini, ibadilishe nywila.”

“Marahaba. Umejuaje?”

Nilimweleza yote. Akanyamaza kidogo, akavuta kiti, akaniambia nimbadilishie palepale. Nilipokuwa naandika, yeye alisimama nyuma yangu, anatazama kila herufi.