Tanki Limebonyea, Shingo Je?

Pikipiki ikianguka, watu hutazama tanki kwanza. Ndilo liko juu, ndilo lenye rangi, ndilo lililobandikwa jina la kampuni kwa herufi za kumeremeta. Kioo cha pembeni kikivunjika kinanunuliwa kingine jioni ile ile, indiketa kadhalika, wala hakuna anayeitisha kikao. Tanki likibonyea ndipo kesi inapoanza.

Kesi niliyoishuhudia ni ya jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyetia sehemu ya kiinua mgongo chake kwenye Boxer. Kijana anayeiendesha ana mkataba naye: analeta hesabu kila jioni, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Vijiwe vyetu vya Dar es Salaam humwita mwenye chombo tajiri, hata kama ni bibi anayehesabu siku za kupata pensheni. Basi mvua ilinyesha, kijana akateleza kwenye matope, akaanguka ubavu wa kushoto. Shukrani kwa Mungu hakuwa na abiria. Alirudi anaisukuma pikipiki, tanki limebonyea kwa mbele, karibu na usukani, shimo la kutosha kiganja cha mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ehe, pikipiki imekuwaje?"

Mama alitaka tanki jipya, maana kwake mali iliyobonyea ni mali iliyoshuka bei. Kijana alitaka puti na rangi, tena upesi, kwa kuwa abiria akiona alama ya kuanguka anahamia pikipiki ya jirani. Wote wawili walikuwa na hoja. Nikaombwa niwasindikize kwa fundi wa Gerezani, kwa imani kwamba mtu wa magazeti hadanganywi kwenye bei. Anadanganywa kama wengine, ila sikuwakatalia.

Fundi yule alikuwa mtu mzima, mpole, asiyekuwa na haraka ya kutaja fedha. Swali lake la kwanza lilikuwa moja: linavuja? Halikuwa linavuja. Basi akaanza kutueleza mambo ambayo, nadhani, kila mwenye pikipiki angepaswa kuyajua kabla hajafungua pochi.

Tanki la pikipiki halinyooshwi kwa nyundo kama mlango wa gari. Chini yake lina mfereji unaokaa juu ya bomba la fremu, na mdomo wake ni mdogo, kwa hiyo mkono haufiki ndani kulisukuma bati. Fundi analivuta kwa nje: anashikiza vipini juu ya shimo, anavuta kidogo kidogo, kisha anajaza puti palipobaki, anapiga msasa, anapaka rangi. Shimo la duara lisilo na kina huitikia. Likiwa limekunjika na kuacha mstari mkali, bati limekwishavutika na halirudi lilivyokuwa hata ulibembeleze vipi.

Likiwa linavuja ni habari nyingine, na hapo sauti ya fundi ilibadilika. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Kariakoo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutuama ndani ya chombo. Tanki lililojaa petroli hadi mdomoni halina nafasi ya hewa ndani. Lililomwagwa, ambalo kila mtu hudhani ni salama kwa kuwa ni tupu, ndilo lenye hewa na mvuke vilivyochanganyika, likisubiri cheche. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huliosha kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, huliacha wazi, kisha hulijaza maji hadi karibu na pale anapochomelea. Asiyejua analipuka nalo. Ukimwona fundi anawasha gesi mbele ya tanki lililotoka barabarani sasa hivi, ondoka hapo, bei ya tanki utaijadili ukiwa hai.

Mama akauliza habari ya tanki jipya. Yapo, akasema, lakini yamo pia ya kuiga, bati jembamba linalobonyea kwa goti. Na ya mkononi? Fundi akatabasamu. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, ya injini iko kwenye injini, tanki halina namba. Tanki la mkononi haliwezi kukwambia limetoka kwenye ajali ya nani au limefunguliwa usiku kwenye uwanja wa nani. Na likiwa la rangi nyingine, kadi ya pikipiki inasema nyekundu na barabarani inapita buluu. Hapo utajieleza kwa trafiki.

Halafu akafanya jambo ambalo sisi watatu hatukulifikiria. Aliushika usukani akaukunja kushoto mpaka mwisho. Ukagonga tanki, pale pale penye shimo.

"Huu haukutakiwa kufika hapa," akasema. "Tanki halina kosa. Limepigwa."

Kwenye shingo ya fremu kuna kizuizi kidogo cha chuma kinachoukomesha usukani kabla haujagusa tanki. Chetu kilikuwa kimepinda. Kijana angekata kona ya ghafla usiku, vidole vyake vingebanwa kati ya usukani na tanki, na waya wa klachi ungevutwa kupita kiasi. Akachuchumaa akazitazama shokapu za mbele: moja imekwenda upande. Pikipiki ilikuwa na majeraha mawili ya hatari, na la tatu lisilo la hatari ndilo lililotutoa nyumbani.

Tangu siku hiyo nina kisa na puti. Si kwamba haifai. Kwenye tanki lisilovuja, baada ya mengine kurekebishwa, ni urembo halali. Ubaya wake ni kuwahi. Lile shimo lilikuwa ushahidi, lilionyesha nguvu ya kuanguka ilitokea wapi na ilipita njia gani. Lingezibwa asubuhi ile, fundi angeona tanki safi na asingekuwa na sababu ya kuukunja usukani. Na siku pikipiki ingeuzwa, mnunuzi angelipia kung'aa kwa rangi na kurithi shingo mbovu. Mimi nikiona pikipiki ya zamani yenye tanki jipya kabisa, nashika usukani kwanza.

Wakati fundi anatueleza shokapu, alimwita kijana achuchumae aone. Kijana akajaribu, akashindwa, akasimama ameshika pikipiki.

"Mwanangu, hilo goti vipi?" Mama akauliza.

"Linauma kidogo tu, mama. Litaisha."

Alipopandisha suruali, goti lilikuwa limevimba. Alikuwa amelala nalo, ameamka nalo, amepanda nalo gari mpaka Gerezani, na mjadala wote ulikuwa wa bati. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imezoea kupokea majeruhi wa bodaboda, ila hao ni wanaoletwa wamebebwa. Anayerudi kwa miguu yake haendi popote, maana siku ya hospitali ni siku isiyo na hesabu, na hesabu haijui goti. Sidhani mikataba yetu ya mitaani itabadilika kwa makala hii. Lakini tajiri anaweza kusamehe hesabu ya siku mbili tatu bila kuandikishiana, na jirani yangu alifanya hivyo pale pale, kwa sauti ya mwalimu isiyoruhusu kupingwa.

Fedha ya tanki ikaenda kwenye kizuizi, shokapu na picha ya goti, ambalo halikuwa limevunjika. Shimo limebaki. Kwa petroli halina hasara ya maana: tanki la Boxer huingiza lita kama 11, na kijana huweka mafuta ya elfu tano tano, hajawahi kulijaza. Kinacholiumiza zaidi tanki ni huko kutojaa, kwa sababu unyevu huganda kwenye kuta za juu zilizo wazi, maji hushuka chini ya petroli, na kutu huanzia ndani ambako hakuna anayepaka rangi.

Kijana naye hakukubali kushindwa kabisa. Juzi amelivalisha tanki kava, na kila akiweka mafuta analifunua mpaka nusu. Ugomvi uliopo sasa ni kwamba kava ni la kijani na njano, na mama ni Simba wa kufa mtu.