Wanangu, Kubalini Kwanza Kukosolewa

Wanangu, mnaupenda uongozi, na hamu hiyo siilaumu. Nchi haiwezi kuishi kwa wazee peke yao. Ninachokiogopa ni kwamba wengi wenu mnataka kukaa mbele kabla hamjawahi kukaa nyuma ya mtu mkatulia. Mnataka kutoa amri, na kupokea hamjajifunza. Mkisifiwa mnacheka, mkikosolewa mnasema, "Hawa wananionea wivu."

Nilihudhuria mkutano wa kikundi cha vijana cha kuweka na kukopa. Mwenyekiti wao alikuwa kijana mwerevu, msemaji hodari. Wenzake walimwomba afungue daftari la mapato walione. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, lile la shuleni, lakini alilibana kwapani mkutano mzima, na aliyeuliza akaitwa mchochezi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuliza tena, na baada ya muda hakuna aliyechangia tena. Sijasikia kwamba shilingi hata moja iliibwa. Kikundi kilikufa kwa kiburi tu.

Basi leo nataka niwapeleke mahali patatu ambapo watu wamejifunza kuongoza kwa karne nyingi, nanyi mnapita hapo kila siku bila kutazama: msikitini, kambini na uwanjani.

Tazameni swala ya jamaa. Imamu yuko mbele, na maamuma haruhusiwi kumtangulia, si kwenye rukuu wala kwenye sijda. Utii wa namna hiyo hauko hata ofisini. Lakini imamu huyo huyo akisahau, akainuka kuanza rakaa ya tano, walio nyuma wanasema "Subhanallah", na wanawake wanapiga kofi. Akikwama katika aya, aliyehifadhi anamsomea kutoka safuni. Anaweza kuwa mtoto wa madrasa. Imamu hageuki kumwuliza ni mtoto wa nani wala ana cheti gani. Anairudia aya kama alivyosomewa na kuendelea. Na kwa kule kusahau kwake, safu nzima inasujudu pamoja naye, ingawa aliyesahau ni mmoja. Utii na ukosoaji vinakaa kwenye mkeka mmoja, tena mara tano kwa siku, na bado tunatoka nje kwenda kuwa viongozi tusioambilika.

Katika Sira, yaani habari za maisha ya Mtume, kuna habari mbili ambazo kila anayetaka cheo angepaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra. Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo, Makureshi wakikaribia elfu moja. Mtume (s.a.w.) alipopiga kambi, askari mmoja wa Kiansari, Hubab bin Mundhir, alimwendea akauliza: mahali hapa ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni maoni na mbinu za vita? Alipojibiwa kuwa ni maoni, alishauri jeshi lisogee mbele hadi kisima kilicho karibu na adui. Mtume akakubali, jeshi likahama. Angalieni adabu ya muulizaji: alijua lipi halijadiliwi na lipi linajadiliwa, na hakupaza sauti. Angalieni pia ukubwa wa aliyeulizwa.

Ya pili ni ya vita vya Uhud, mwaka uliofuata, nami huirudia mara nyingi zaidi kwa sababu ni habari ya maumivu. Mtume alipendelea jeshi libaki Madina lijihami humo. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka kwenda kupigana nje. Alishauriana nao, akafuata rai yao. Uwanjani aliweka wapiga mishale hamsini kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, akawaonya wasiondoke hapo kwa lolote mpaka watumiwe mtu. Vita vilianza vizuri. Makureshi walipokimbia, wapiga mishale waliona wenzao wakikusanya ngawira, na wengi wao wakateremka kilimani. Kamanda wao aliwazuia kwa maneno, hawakumsikia. Akabaki na wachache. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, aliona pengo, akazunguka na farasi wake akapiga kutoka nyuma. Abdullah aliuawa palepale alipoambiwa asimame. Waislamu kama sabini walikufa siku ile, Hamza, ami yake Mtume, akiwa mmoja wao, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Sasa fikirini. Ushauri wa wengi ulikuwa umeishia kwenye makaburi. Kiongozi gani wa leo angeitisha kikao tena baada ya hapo? Wengi tungesema, "Niliwaambia!" na tukafunga mlango. Lakini aya zilizoshuka baada ya Uhud, katika sura ya Aal Imran, zinamwamuru Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Mimi nimesoma vitabu kadhaa vya uongozi na sijaona amri nzito kuliko hiyo. Kushauriana na watu waliokuletea ushindi ni rahisi, maana hata dhalimu huweza.

Jirani zangu Wakristo nao, kila Alhamisi Kuu, hukumbuka jinsi Yesu alivyowaosha miguu wanafunzi wake, na Petro akakataa kwanza kwa kuona haya. Padri huinama na beseni na taulo mbele ya waumini wake.

Mimi kuinama huko nilikuona jeshini. Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) enzi zile za mujibu wa sheria, kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kombania yetu ilikuwa na sajenti mkali sana. Kifungo kimoja kikilegea ulikimbia uwanja mzima ukiimba. Usiku mmoja tulirudi kutoka matembezi marefu, kila kuruta akitamani kulala tu. Afande akatupanga nje ya mahanga, akaamuru tuvue buti. Akashika kurunzi, akachuchumaa mbele ya kila mmoja, akitazama nyayo moja baada ya nyingine. Wenye malengelenge yaliyopasuka aliwatuma kwa daktari wa kambi. Wenye soksi zilizotoboka aliandika majina yao. Alikuwa ametembea njia ile ile, naye akavua zake mwisho. Wakati wa kula, hakugusa sahani mpaka kuruta wa mwisho apate ugali wake. Kesho yake alitukimbiza vilevile, lakini hakuna aliyenung'unika.

Jeshi letu lilijifunza utii kwa gharama. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo. Madai yao juu ya mishahara na maofisa wa Kiingereza yalikuwa na msingi, nami nasema hivyo bila woga. Lakini walikamata maofisa wao, mji wa Dar es Salaam ukaporwa, watu wakafa, na Serikali changa ikalazimika kuomba wanajeshi wa Uingereza, mkoloni wa jana, waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi likavunjwa. Septemba 1 mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na karibu miaka kumi na mitano baadaye, Aprili 11, 1979, jeshi hilo lilikuwa Kampala baada ya kumfukuza Idi Amin. Bunduki zilikuwapo hata Colito; kilichokosekana ni nidhamu. Mwenye haki asiye na nidhamu huipoteza haki yake mikononi mwake mwenyewe, na wenye mamlaka wanaochelewa kusikiliza huamshwa kwa risasi. Yashikeni yote mawili.

Uwanjani nitapita haraka, maana mpira na riadha mnavijua kunishinda. Mlimwona Mkenya Eliud Kipchoge akikimbia marathoni Vienna, Oktoba 12, 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Je, mliwatazama waliomzunguka? Walikuwa 41 wakipokezana kumkingia upepo, na miongoni mwao alikuwamo Bernard Lagat, bingwa wa dunia wa mita 1500 na 5000 mwaka 2007. Wakimbiaji hao walikubali kukimbia ili jina la mwingine liandikwe. Mwishoni walirudi nyuma wakamwachia barabara, wakishangilia kana kwamba ushindi ni wao, na ulikuwa wao kweli. Naye Kipchoge, akiwa na dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, alibaki kupokea mazoezi kwa Patrick Sang, kocha aliyemlea tangu ujana, na katika kambi ya Kaptagat alikuwa akisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujachukua fomu ya kugombea chochote, jiulize ni nani hapa duniani anayeweza kukwambia "umekosea" nawe ukanyamaza ukasikiliza. Ukikosa hata mmoja, usigombee bado. Timu ya mtaani kwenu inahitaji mtu wa kuwahi kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Madrasa inahitaji wa kufagia na kuteka maji ya udhu, kwaya inahitaji wa kupanga viti na kuvirudisha stoo watu wakishaondoka. Nenda ukakae chini ya kocha, chini ya ustadhi, chini ya mwalimu wa kwaya, ukemewe na urekebishwe. Kisha njoo utuombe kura, na sisi wazee tutakupa.