Mgeni Amlipe Nani?

Ipo mitandao ya watu ambayo kazi yake ni moja tu: kumkutanisha msafiri na mwenyeji asiyemjua, alale kwake, ale naye, kisha aendelee na safari bila kumlipa chochote. Servas, iliyoanzishwa Denmark mwaka 1949 na Mmarekani Bob Luitweiler pamoja na wenzake, ilizaliwa na fikra ya amani: waliowahi kukaribishana majumbani hawatakubali kirahisi kupelekwa vitani kuuana. Wazungumzaji wa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, nao walichapisha orodha yao ya wenyeji, Pasporta Servo, mwaka 1974. Intaneti ilipoenea ikaja Couchsurfing, ikakusanya wanachama kwa mamilioni. Katika mitandao hii mgeni huchunguzwa kabla hajabisha hodi. Servas humhoji na kumpa barua ya utambulisho. Couchsurfing humwonyesha mwenyeji picha ya mgeni, maelezo yake, na ushuhuda wa waliompokea kabla. Hapo ndipo swali linapozuka. Dini zetu zimeuhesabu ukarimu kuwa sehemu ya imani. Je, mlango unaofunguliwa baada ya uchunguzi, tena kwa matumaini kwamba kesho nami nitafunguliwa wa mwenzangu, bado ni mlango wa ukarimu, au hii ni biashara iliyoficha pesa zake?

Mwanafalsafa Jacques Derrida, katika mihadhara iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1997, alitetea kwamba ukarimu kamili haumuulizi mgeni jina wala haudai malipo, ingawa alikiri kwamba hakuna sheria wala nyumba inayoweza kuutekeleza bila kuuwekea mipaka. Kisa cha Nabii Ibrahimu kinampa nguvu: katika Mwanzo na katika Qurani, mzee huyo aliwaandalia wageni ndama kabla ya kujua ni akina nani. Kwa kipimo hicho, mwenyeji anayesoma ushuhuda kwanza ameshaanguka. Mimi naona kipimo chenyewe kimewekwa pasipo mahali pake. Masharti hayauui ukarimu. Kinachouua ni kulifunga deni la mgeni lisiende popote ila kwa aliyempokea, au kwa mfanyabiashara aliyesimama kati yao. Ukarimu uko hai pale mgeni anapoondoka na deni ambalo mwenyeji hawezi kulidai, na ambalo halilipiki ila kwa kumpokea mgeni mwingine.

Tuanze na masharti. Mila zilizousifu sana ukarimu ndizo zilizouwekea mipaka bila haya. Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na wakusanyaji wa Hadithi, Bukhari na Muslim, inampa mgeni haki ya kukirimiwa siku tatu. Zinazozidi ni sadaka, na si halali kwake kukaa hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaagiza msafiri apokewe kwa siku mbili, au tatu ikibidi, na akitaka kuhamia basi afanye kazi ndipo ale. Mswahili naye amesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sauti hizi tatu zinakubaliana si kwa sababu waliozitoa walikuwa wachoyo, bali kwa sababu walijua chungu cha nani kiko jikoni. Anayehubiri ukarimu usio na mwisho, mara nyingi si yeye anayeamka alfajiri kuwasha moto. Mpaka humlinda mwenye nyumba, na nyumba ikilindwa, mgeni wa mwezi ujao naye atakuta pa kulala. Uchunguzi wa kabla una kazi hiyohiyo. Ibrahimu alikuwa na watumishi na watu wake karibu. Mwanamke anayeishi peke yake katika chumba cha ghorofa ya nne hana, na ushuhuda wa wageni waliotangulia ndio ulinzi wake.

Sasa tutazame malipo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona mambo mawili katika bandari moja. Meli ilipotia nanga, vijana waliiendea kwa mashua, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Aliyempa mfanyabiashara mmoja sahani yake alitangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Aliyemuuzia mgeni kitu bila mwenyeji kuwapo, mauzo yake yalihesabiwa batili. Huu ni udalali wenye adabu njema, na hakuna aliyedanganywa. Lakini Ibn Battuta mwenyewe hakuwa na shehena. Alikuwa mwanachuoni, na kwa desturi ya mji alipelekwa katika nyumba ya wageni ya wanafunzi wa elimu. Aliletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Mara tatu kwa siku, siku tatu, na siku ya nne akaletewa mavazi. Sultani wa mji alimkirimu mtu ambaye asingemlipa kitu. Chakula na mapokezi yalifanana. Kilichotofautiana ni njia ya deni. Deni la mfanyabiashara lilirudi kwa mwenyeji kupitia mizani ya soko. La mwanachuoni halikuwa na pa kurudi, likabaki wema tu.

Kwa kipimo hicho, mitandao ya leo haistahili hukumu moja. Katika wazo lake la asili, aliyelala Nairobi hamlipi wa Nairobi; humpokea mwingine kwake, naye huyo kesho humpokea mwingine tena. Matumaini ya kupokewa siku moja hayaligeuzi tendo kuwa biashara, maana hakuna anayeweza kuyadai kwa yeyote. Wala ada yenyewe si dhambi: Servas huwatoza wasafiri wake mchango wa kuendesha shughuli, na chama hubaki cha wanachama. Njia ya Couchsurfing ilikuwa nyingine. Sehemu kubwa ya kazi ilijengwa na watu waliojitolea, kisha mwaka 2011 ikageuzwa kampuni ya faida na kupokea dola milioni 7.6 za wawekezaji. Mei 2020, janga la korona likiwa limefunga mipaka, wanachama wa nchi nyingi walijikuta hawawezi kuzifikia hata kurasa zao bila kulipia. Mwenyeji hakupata hata senti, na bado mlango wake ulikuwa umeuzwa. Kampuni hii si dalali wa Mogadishu, aliyemlisha aliyemtoza.

Yupo atakayesema kwamba hata bila kampuni, mambo haya ni hoteli ya bure kwa wabahili, na ushuhuda mzuri ndio sarafu yao. Kuna ukweli hapo, ila unamhukumu mgeni mbaya tu. Wema wa mwenyeji haufutwi na nia ya anayepokea, kama sadaka isivyobatilika kwa sababu aliyepewa alikuwa na akiba aliyoificha. Pingamizi zito ni jingine. Kijana wa Ulaya anaweza kulala Arusha leo. Mwenyeji wake akitaka kwenda Ulaya anahitaji viza, aonyeshe pa kulala na fedha za kutosha, na huko Ujerumani aliyemwalika anaweza kutakiwa kusaini hati ya kubeba gharama zake zote. Huo mzunguko wa deni unakatikia mpakani. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1795, aliandika kwamba kila mtu ana haki ya kufika ugenini asitendewe kama adui, kwa kuwa dunia ni duara na hatuwezi kutawanyika bila kikomo. Alikataa kuifanya haki hiyo kuwa haki ya kukaa, akiyashutumu mataifa ya Ulaya ambayo kwao kuzuru nchi na kuiteka lilikuwa jambo moja. Pwani yetu inajua alichosema: Mreno Vasco da Gama alipokewa vizuri Malindi mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno wakapora Kilwa na Mombasa.

Pingamizi hili haliubomoi msimamo wangu, linauongezea uzito. Ikiwa deni la mgeni linapaswa kulipwa kwa mgeni mwingine, basi halitoshi kulipwa kwa wale wenye pasipoti nzuri na ukurasa uliojaa sifa, wanaopokeana wao kwa wao. Aliyelishwa Arusha na mtu asiyeweza kumfuata nyumbani anadaiwa na kila asiyeweza kufika kwao kirahisi: mkimbizi, mhamiaji anayetafuta chumba, mwanafunzi aliyenyimwa viza. Anaweza kumlipa kwa kitanda, kwa kumdhamini, au kwa kura dhidi ya sheria inayomzuia. Mwenyeji ana haki ya kuchagua anayemwingiza ndani. Mgeni hana haki ya kuchagua kulipa mahali panapompendeza tu, na mtandao usiomkumbusha hilo umemtafutia kitanda na kumnyima maana ya kulalia.