Kutoka si Kutoa

Tuwatie mawazoni mume na mke Wakatoliki wa Isevya, mtaa wa mji wa Tabora, ambao mimba zao tatu zimeharibika. Wanatamani mtoto, lakini wanaogopa. Kanisa lao hufundisha kuwa uhai wa binadamu uheshimiwe tangu kutungwa kwa mimba. Basi wanauliza: je, si dhambi kuanzisha uhai ambao yamkini utakufa kabla ya kuzaliwa?

Lugha yetu imekwisha kulijibu swali hili nusu. Twasema mimba imetoka, na twasema mimba imetolewa. Maneno haya ni ndugu, lakini baina yao limesimama tendo la mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kuwa tendo moja laweza kuzaa mambo mawili, moja limekusudiwa na la pili liko nje ya kusudi. Wanazuoni waliomfuata waliongeza masharti: tendo lenyewe liwe halali; ubaya usikusudiwe, wala usiwe njia ya kupatia wema; na pawe na sababu nzito ya kuuvumilia. Wanandoa hawa wanakusudia mtoto. Kufa kwa mimba si lengo lao wala si njia yao.

Walakini nia njema peke yake haitoshi. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe na kushuka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapita Mgunda Mkali, nyika yenye uhaba wa maji. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kwenda hakuwa mwuaji homa ilipomwua kijana njiani. Lakini kama alimtuma bila kibuyu cha maji, kusema "sikukusudia" kusingemtakasa. Tabora ni nchi ya malaria, na malaria huharibu mimba. Chandarua chenye dawa, kuhudhuria kliniki mapema, vidonge vya SP baada ya miezi mitatu ya kwanza, na kuchunguzwa sababu ya mimba kutoka mara kwa mara: hicho ndicho kibuyu cha leo.

Mfano huu una mpaka wake. Kijana wa msafara alikuwa salama nyumbani kabla ya kutumwa. Mtoto asiyetungwa hakuondolewa mahali popote pa salama. Kumpa maisha, hata yakiwa mafupi, si kumpokonya kitu. Aliyepo tayari, na awezaye kuumia, ni mama. Damu imwagikayo ni yake. Kwa hiyo hatari yake ndiyo ipimwe kwanza, wala mume asiipime peke yake.

Tena si lazima waendelee kujaribu. Papa Pio XII, akisema na wakunga tarehe 29 Oktoba 1951, alikiri kuwa sababu nzito, za afya zikiwamo, zaweza kuwaondolea wanandoa wajibu wa kuzaa kwa muda mrefu, hata kwa muda wote wa ndoa. Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, alikataza njia za kuzuia mimba zilizobuniwa na watu, lakini aliruhusu kujinyima siku za rutuba.

Hapo mwanafalsafa Luc Bovens alileta pingamizi mwaka 2006. Alisema kwamba ikiwa mimba zinazotungwa pembezoni mwa siku hizo ni dhaifu, basi wenye kuifuata njia hiyo husababisha vifo vingi vya mimba changa. Hoja yake imesimama juu ya "ikiwa". Lakini hata tukimkubalia, kuhesabu vifo si kupima hatia. Mimba nyingi hutoka kabla mama hajajua kuwa anayo. Kwa hesabu tupu, kila ndoa yenye watoto ingekuwa na mashtaka.

Basi wanandoa wa Isevya wakijaribu tena kwa hadhari, hawatendi dhambi. Wakiacha kwa sababu nzito, hawatendi dhambi vilevile. Mwenye kosa ni jirani au mkwe amhesabiaye mke mimba zilizotoka kana kwamba alizitoa. Huyo huharibu sarufi na haki kwa pamoja, na humwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuzika matumaini matatu.