Ustadi na Uadilifu wa Mwanasheria

Mhitimu wa sheria hupimwa kwa yanayoonekana: kuandaa hati ya madai, kumhoji shahidi, kutaja kifungu sahihi. Mwanafalsafa Mgiriki Plato, katika kitabu chake Gorgias, aliona hatari hapo: msemaji hodari anaweza kuishawishi mahakama kuhusu haki bila yeye mwenyewe kuijua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, na hatari hiyo bado inakihusu. Mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, karatasi ya mauziano iliyochakaa mkononi, hasaidiwi na alama za mtihani. Anahitaji wakili wa kumsikiliza, kuisoma karatasi ile na kumwambia ukweli hata kesi ikiwa dhaifu. Vyuo viufundishe uadilifu huo, na viutahini.